Mfuko wa Sita

Mfamasia mkuu aliubandua ubao mweusi kwa mikono yake mwenyewe, Jumatatu saa tatu asubuhi, akautia kwapani kama gazeti. Haukuwa ubao wa maana sana. Kilikuwa kipande cha kadibodi kilichopakwa rangi nyeusi na kutundikwa chini ya taa kwenye chumba cha kuchanganyia. Lakini kwa miaka sita hakuna mfuko hata mmoja wa chakula cha mshipani uliotoka chumbani humo bila kuinuliwa mbele ya ubao huo ukatazamwa.

"Tunapoteza dakika kumi kwa kila mfuko," alisema. "Mashine inapiga hesabu. Mashine ikisema sawa, ni sawa. Kuanzia leo maziwa yanaingia mwanzo pamoja na vingine vyote, mfuko unafungwa, unaondoka."

"Maziwa yakishaingia sitaona kitu," alisema Bi Subiri.

"Hulipwi kuona. Unalipwa kuchanganya."

Bi Subiri si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wauguzi wa wodi ya watoto wachanga, kwa sababu kila walipopiga simu kuulizia mifuko yao jibu lilikuwa neno hilo moja, kisha simu ikakatwa. Walimnung'unikia, lakini mifuko yake hawakuwahi kuirudisha.

Mifuko yenyewe ilikuwa chakula cha watoto ambao matumbo yao hayawezi kazi. Ndani mlitiwa maji, sukari, protini, vitamini na chumvi za aina mbalimbali, na mwisho kabisa mafuta meupe pe, ambayo chumbani humo kila mtu aliyaita maziwa. Chumvi mbili kati ya hizo, kalsiamu na fosfeti, hazipatani. Zikizidi kipimo, au zikikutana vibaya, zinagandana na kuwa mchanga mwembamba kuliko unga, na mchanga huo ukiingia kwenye mshipa wa mtoto unakwenda moja kwa moja kuziba mapafu. Kwenye mfuko ambao bado ni maji matupu, jicho linauona mbele ya kitu cheusi. Kwenye mfuko wenye maziwa hata malaika hauoni.

Bi Subiri alivua glavu zake moja moja, akaziweka juu ya meza ya chuma. "Basi mimi sichanganyi."

Mwenzake wa miaka yote, mwanamume waliyemwita Mzee wa Glavu kwa sababu alivaa jozi mbili hata pale ambapo moja ilitosha, aliinamisha kichwa akawa anasoma maandishi ya boksi tupu. Miezi saba tu ilikuwa imebaki astaafu. Mfamasia mkuu alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akatabasamu.

"Vizuri. Wewe nenda stoo ukahesabu maboksi. Na Alhamisi saa nne nataka barua ya kuomba msamaha, kwa maandishi." Alifika mlangoni akageuka. "Barua yako ya ajira ya kudumu iko mezani kwangu, unajua? Imebaki sahihi tu. Nayo inasubiri. Si unapenda kusubiri wewe?"

Wale waliokuwa kwenye korido walicheka, kwa sababu bosi akitania lazima mtu acheke. Bi Subiri alikwenda stoo na makoti mawili ya kazi mkononi, kwani hata kabati lake la nguo lilikuwa limeshafungwa kufuli jipya.

&nbsp;

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalikuwa yanamwacha. Ukungu ulianza kwenye jicho la kulia, sasa ulikuwa umehamia na la kushoto. Daktari alisema upasuaji ungeyarudisha, na bima ya hospitali ingelipia wote wawili, mke na mume, ila bima hiyo ilikuwa ya waajiriwa wa kudumu peke yao. Bi Subiri alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mara sita. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikaa barazani, akatia uzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka kwenye kimto cha sindano cha mumewe, ziishe na siku.

Jioni ile aliwaeleza mumewe na mama mkwe yote huku akichambua mboga. Mume alisikiliza mguu ukiwa juu ya cherehani, asikanyage.

"Omba msamaha, yaishe," alisema.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Ndiyo maana ni rahisi. Mtu asiye na kosa anaomba msamaha roho yake ikiwa nyeupe."

"Msikieni wakili," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango. Bibi huyo alikuwa na ulimi ambao majirani walivuka barabara kuukwepa. "Wakili wangu, gauni langu liko wapi?"

"Mama, tunaongea mambo ya maana."

"Na mimi naongea ya maana. Miezi minne!"

Gauni la mama mkwe lilikuwa jeusi, na hapo ndipo penye shida. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, fundi hakuuona tena. Alikuwa amekata mgongo, mikono na sketi, akavikunja vizuri, akaviweka chini ya rundo, na kila wiki alikuwa na udhuru mpya. Mama yake aliujua ukweli tangu wiki ya pili. Aliendelea kuulizia gauni kwa sababu kuulizia macho kulimuuma zaidi.

Barua aliiandika mume. Mtaa mzima ulimletea barua zake amwandikie, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza, na mkono ulikuwa haujasahau hata kama jicho lilisahau. Aliandika kwa herufi kubwa, uso ukikaribia kugusa karatasi, mistari ikiteremka kidogo upande wa kulia. Alipomaliza alimpa mkewe asome.

"'Kwa unyenyekevu mkubwa'," alisoma Bi Subiri. "Toa hii."

"Nimeiweka mara moja tu."

"Mara tatu, mume wangu. 'Nakiri kwamba nilikosa adabu mbele ya wakubwa.' Nilikosa adabu gani? Nilivua glavu!"

"Mke wangu." Mume aliivua miwani ambayo haikumsaidia tena, akamgeukia. Hakumtazama usoni sawasawa, alitazama kama kidole kimoja pembeni ya uso wake, na Bi Subiri aliumia kuliko kama angepigwa. "Mimi nataka kukuona. Sina jingine. Nataka tu niendelee kukuona."

Bi Subiri aliikunja barua mara nne akaitia kwenye mfuko wa koti la kazi.

Mama mkwe alimgeukia Bi Subiri. "Hebu niambie," alisema. "Huo ubao walioubandua. Ulikuwa na dawa? Umeme?"

"Hapana, Mama. Ni kitu cheusi tu, ili uone."

"Kitu cheusi tu?" Bibi aliinuka, akafukua rundo la mwanawe, akachomoa ule mgongo wa gauni. "Chukua. Huyu hatalishona mpaka nizikwe, na nikizikwa watanivika nguo nyeupe."

Walicheka wote watatu, kicheko cha watu waliochoka. Bi Subiri alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, akakitia kwenye mkoba, zaidi kwa heshima ya mama mkwe kuliko kwa kitu kingine.

&nbsp;

Alhamisi saa tatu alikuwa stoo, barua mfukoni, mkoba begani kwa kuwa kabati hakuwa nalo tena, akihesabu maboksi. Aliamua angeipeleka. Siku nzima ya Jumatano alikuwa amejifundisha kuitoa mfukoni bila kusitasita. Alihesabu sindano, akahesabu mirija, akaandika kwa mara ya pili kwamba vichujio vya kufunga kwenye mirija ya watoto vimekwisha tangu mwezi uliopita. Akafika kwenye rafu ya kalsiamu.

Boksi lilikuwa lile lile la siku zote, la kampuni ile ile, na mstari ule ule wa buluu. Lakini maandishi madogo chini ya mstari yalikuwa mengine. Bi Subiri alichukua kichupa akakisogeza kwenye balbu. Kalsiamu waliyoizoea ilikuwa ya upole, na vipimo vyote vya kwenye mashine viliwekwa kwa ajili yake. Hii ilikuwa ndugu yake mkali, ile inayowekwa kwenye sanduku la dharura kwa moyo uliosimama. Mililita kwa mililita, ilikuwa na nguvu mara tatu.

Alivuta kadi ya stoo. Boksi la kwanza la kalsiamu hii mpya lilikuwa limetoka asubuhi hiyo, saa moja na nusu. Lilikwenda chumba cha kuchanganyia.

Kalamu alijua baadaye kwamba aliiacha sakafuni. Njia aliyopita hakuikumbuka. Alikumbuka tu kwamba alipofika kwenye korido ya chumba cha kuchanganyia, toroli lilikuwa limeshaanza kuondoka, mifuko mitano myeupe imelala juu yake kama watoto waliokwisha kushiba, na muuguzi wa wodi akilisukuma. Nyuma ya muuguzi alitembea mwanamke mwenye kanga iliyofifia rangi. Alikuwa mama wa mtoto ambaye wauguzi walimwita Mheshimiwa. Mtoto huyo alizaliwa na utumbo uliooza, ukakatwa karibu wote, na kwa siku arobaini na moja alikuwa akilishwa kwenye mshipa bila kuinua hata kidole.

Bi Subiri alilishika toroli kwa mikono yote miwili. "Subiri."

"Bi Subiri, leo hapana," alisema muuguzi. "Watoto wako kwenye maji ya sukari tangu saa kumi na mbili."

"Hii mifuko haitoki."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

Mama wa Mheshimiwa alijipenyeza mbele. Alikuwa mfupi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Dada, hicho ni chakula cha mwanangu. Mwanangu ana njaa. Wewe umekula asubuhi?"

"Nimekula."

"Basi wewe umekula, na chakula cha mwanangu umekikalia!"

Watu waliokuwa wakisubiri dawa dirishani walianza kusogea. Mmoja alisema hawa ndio wanaoiba dawa. Mwingine alisema apigwe picha. Uso wa Bi Subiri ulimchoma kwa aibu. Angeweza kumweleza yule mama kuhusu mchanga na mapafu, lakini neno moja la hofu mbele ya umati lingewasha moto wodi nzima, naye hakuwa na ushahidi ila kichupa kimoja kiganjani. Alikaza mikono tu.

Mfamasia mkuu alifika viatu vikilia. "Ofisini kwangu. Sasa hivi."

"Nakuja. Na toroli linakuja."

Kabla hajaondoka alisogea kwenye kidirisha cha chumba cha kuchanganyia, akakibandika kichupa kwenye kioo. Upande wa pili Mzee wa Glavu alisoma. Alisoma tena.

"Tengeneza wa sita," alisema Bi Subiri. "Kama ulivyotengeneza hiyo mitano. Vichupa hivyo hivyo, vipimo hivyo hivyo. Ila usitie maziwa. Uniletee ofisini."

"Miezi saba, mwenzangu," alisema Mzee wa Glavu. "Imebaki miezi saba tu."

"Najua."

&nbsp;

Ofisi ya mfamasia mkuu ilikuwa na dirisha kubwa la jua, na mle ndani alikuwamo afisa utumishi, mwanamke mtulivu aliyeletwa kushuhudia nidhamu ikichukua mkondo wake. Alikuwa na faili mapajani. Toroli lilijaa nafasi yote iliyobaki, hivyo Bi Subiri alisimama.

"Barua ya msamaha unayo?" aliuliza afisa utumishi.

"Ninayo." Aliitoa mfukoni. Lakini hakumpa mtu, aliishika tu.

Mfamasia mkuu alianza. Alizungumzia utii. Alizungumzia mashine, bei yake, na nchi inakoagizwa. Bi Subiri alisema kalsiamu imebadilika, akakatizwa kwamba kalsiamu ni kalsiamu. Alisema stoo ina kadi, akaulizwa tangu lini mhesabu maboksi akawa mfamasia. Ndipo mlango ukagongwa, akaingia Mzee wa Glavu, na vazi lake la chumbani, na glavu zake jozi mbili, na mfuko wa sita mikononi. Ulikuwa safi, maji matupu.

"Ndiyo huu?" Mfamasia mkuu aliunyakua akauinua. Akacheka kwa raha. "Afisa, tazama mwenyewe. Unaona mchanga? Unaona chochote?"

"Sioni kitu," alisema afisa utumishi.

Bi Subiri aliuchukua mfuko kutoka mkononi mwa mfamasia mkuu, akautundika kwenye komeo la dirisha. Alitoa mkobani mgongo wa gauni la mama mkwe akaubana nyuma ya mfuko, kwenye kioo cha dirisha.

"Hicho ni nini?"

"Ni gauni. Subiri."

"Usiniambie nisubiri ndani ya ofisi yangu!" Na kwa kuwa alikuwa amepandwa na hasira, mfamasia mkuu aliongea. Aliongea kuhusu watumishi wa mikataba wanaojiona madaktari. Aliongea kuhusu barua fulani ya ajira, akaigonga kwa kidole pale ilipolala mezani, kwamba angeweza kuichana muda huo huo. Aliongea kwa dakika ishirini, jua likiupiga mfuko kwa pembeni. Bi Subiri hakumtazama hata mara moja. Alitazama kona ya chini ya mfuko, na moyoni alisali kwa namna ambayo hakuwahi kusali: Mungu, nikikosea nidhalilike mimi, lakini kama nimepatia basi kionekane.

Aliyekiona kwanza alikuwa afisa utumishi, ambaye hakujua dawa hata moja zaidi ya ile ya kichwa.

"Samahani," alisema, akinyoosha kalamu. "Hilo vumbi limeingiaje humo?"

Mfamasia mkuu aligeuka. Ndani ya maji paliingia kitu kama pumzi kwenye kioo. Kikazidi. Ikawa kama mtu amesuuza bakuli lenye unga, na ule unga ukawa unashuka taratibu mbele ya kitambaa cheusi mpaka ukatengeneza mstari mweupe chini ya mfuko. Mzee wa Glavu alivua glavu, jozi ya kwanza, kisha ya pili.

"Nilisoma 'kalsiamu' nikaishia hapo," alisema. "Mimi ndiye niliyesoma. Sikumalizia."

"Ni joto la dirisha," alisema mfamasia mkuu, sauti ikiwa imepungua.

"Mtoto ana joto kuliko dirisha," alisema Bi Subiri.

Aliweka mkono juu ya mifuko mitano myeupe. "Hii ina mchanga huo huo. Nyeupe ndani ya nyeupe. Kama mashine imesema sawa, haya. Tia sahihi yako hapa kwenye lebo, kwamba wewe umekagua, nami nitaisukuma mwenyewe mpaka wodini na kumfungia Mheshimiwa mfuko wa kwanza. Kalamu unayo."

Mfamasia mkuu aliitazama lebo. Aliitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwake tangu mwanzo, akaifunga kifuniko.

Bi Subiri aliikunjua barua ya mumewe. Aliigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Akainamia juu ya toroli, akaandika kwa mwandiko wake mbaya: *Mifuko mitano ya leo isitumike. Kalsiamu imebadilika, hesabu haijabadilika. Boksi lote litolewe chumbani.* Akatia sahihi. Akampa Mzee wa Glavu, naye akatia. Kisha akaisukuma mpaka mbele ya mfamasia mkuu, akangoja. Afisa utumishi alikuwa ameshafungua faili ukurasa mpya na kuandika saa. Ilikuwa saa tano na dakika sita mfamasia mkuu alipotia sahihi.

&nbsp;

Kwenye kona ya stoo kulikuwa na vichupa tisa vya kalsiamu ya zamani. Vilitosha. Saa saba mchana watu wawili walikuwa tena mbele ya kabati la hewa safi, mmoja akisoma lebo yote kwa sauti, neno kwa neno hadi herufi ya mwisho, mwingine akiitikia kabla ya kuvuta sindano. Upande wa pili wa kidirisha alisimama mama wa Mheshimiwa. Hakuomba radhi, wala hakushukuru. Alipoona mfuko wa kwanza unainuliwa mbele ya kitambaa cheusi alibisha kwenye kioo.

"Na mimi nitazame."

Bi Subiri aliusogeza. Yule mama aliutazama muda mrefu, juu hadi chini, kisha akatikisa kichwa kwamba sawa. Ndipo maziwa yakaingia.

&nbsp;

"Barua uliikabidhi?" mume aliuliza jioni, akisikia hatua zake kwenye ngazi ya baraza.

"Niliikabidhi. Wameisoma upande wa nyuma."

Alimweleza yote akiwa bado amesimama, mkoba begani. Mume alisikiliza hadi mwisho. "Na ile ya ajira?"

"Iko mezani kwake. Haina sahihi. Afisa utumishi kasema ataniita, hakusema lini." Akakaa karibu naye. "Labda nimekupotezea macho yako, mume wangu. Sijui. Ila usiniambie kwamba nimekosea, kwa sababu sikukosea, na kesho nikikuta hivyo hivyo nitalishika toroli tena."

Mkono wa mume ulipapasa hewani mpaka ukaupata wa mkewe. "Lakini mwandiko ulikuwa mzuri," alisema.

"Mzuri sana. Hakuna aliyeusoma hata mstari."

Mume akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka cherehani ikatikisika. Kutoka mlangoni mama mkwe aliuliza kitambaa chake kiko wapi.

"Kimebaki kazini, Mama. Nimekipigilia misumari minne, pale pale palipokuwa na ubao."

"Na huyo bosi wako akija kukibandua?"

"Sijui."

"Hujui?" Bibi alikuwa ameshainuka, anafukua rundo la mwanawe. Alichomoa mikono miwili ya gauni, akachomoa na sketi, akavitupia mapajani mwa mkwewe vyote kwa pamoja. "Akibandua kimoja tundika kingine. Mimi nguo ninazo."